Kompyuta ya kazi: mwenye kuitumia naye aulizwe

Siku hizi kazi ya mine haianzi tena na koleo. Inaanza mu kompyuta. Poste ya mchana na poste ya usiku zinapangwa mule. Masaa ya kuingia na ya kutoka yanaandikwa mule. Congé inaombwa mule, mafuta ya camion inahesabiwa mule, dawa ya hospitali inaandikwa mule. Na mu makampani mengine hata mukanda wa mushahara, ile bulletin tuliyozoea kupokea mu mukono, hauchapwi tena ku karatasi: unaenda kuutafuta wewe mwenyewe mu mashini.

Basi, kujua ni kompyuta gani inatumiwa ku kazi, na ni nani anaichagua, si tena jambo la watu wa biro peke yao. Linamugusa dereva wa camion, linamugusa soudeur, linamugusa muuguzi, na linamugusa mama anayengojea mwisho wa mwezi kusudi alipe minerval ya watoto.

Desturi ya makampani makubwa tunaijua. Kuko liste moja inayotengenezwa mbali, ku makao makuu, na inakuja huku kwetu ikiwa imekwisha kutiwa sahihi. Kompyuta za aina moja, Windows ya aina moja, programu za aina moja, kwa watu wote. Anayejua Mac, hapana. Anayejua Linux, hapana. Anayetaka kusoma mambo yake mu telefone, hapana. Ukiuliza sababu, wanakujibu kwa neno moja: standard.

Sisi hatupigani na standard. Tunasema hivi: mwenye kutumia chombo aulizwe mbele ya chombo kununuliwa. Na pale inapowezekana bila hatari, apewe nafasi ya kuchagua kati ya vyombo viwili ao vitatu ambavyo kampani yenyewe imevikubali. Kampani iweke sheria kali ju ya usalama na ju ya mikanda. Lakini isimufunge kila mutu mu mashini moja, kwani siku ile mashini itaanguka, wote tutaanguka nayo.

Tuwape haki yao

Tuanze na sababu za wakubwa, kwani si sababu za bure.

Fundi wa kompyuta mu mine moja anaweza kuangalia mamia ya mashini. Zikiwa zote za aina moja, anajua ugonjwa wao, ana vipande vya kubadilisha mu dépôt, na akienda congé mwenzake anaweza kuendelea. Kila mutu akileta yake, fundi anakuwa kama muganga wa kienyeji anayeombwa kuponya ng'ombe, kuku na samaki mu asubuhi moja.

Kuko pia programu za kazi. Wajeoloji na watu wa topo wanatumia programu kama Surpac, na programu nyingi za namna ile zimetengenezwa kwa Windows. Mutu akisema anataka Mac kusudi achore mipango ya shimo, anajitafutia mateso, na anawatafutia wenzake.

Tena kuko mahali ambapo hatutaki hata kusikia habari ya kuchagua. Salle de contrôle ya usine, mashini inayopima hewa na gazi chini ya udongo, treuil inayoshusha na kupandisha watu: pale chombo kiwe kile kilichopimwa na kuhakikishwa, na mutu asikiguse bila ruhusa. Uhai wa watu hauchezewi. Delege wa sendika ambaye atadai kila mutu achague mashini yake mu salle de contrôle, sisi wenyewe tutamuomba akae chini.

Lakini tuangalie namna tunavyovaa ku kazi. Sheria ya viatu vya usalama ni moja kwa wote: kiwe na chuma ku vidole, soli isiteleze, bila kile hauingii. Ni standard, tena kali. Lakini hakuna mukubwa aliyesema kwamba wote tuvae namba 42. Mwenye muguu mudogo anapewa yake, mwenye muguu mukubwa anapewa yake. Sheria inachunga usalama. Namba inafuata muguu wa mutu. Kwa kompyuta, makampani mengi yamesahau namba. Yamechukua neno standard na kulitafsiri hivi: wote 42.

Kitanda usichokilalia

Wazee walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Anayechagua kompyuta mara nyingi si yeye anayelala mu kile kitanda.

Chukua klavye. Sisi tuliosoma huku kwetu tulifundishwa ku klavye ya AZERTY, ile ya Kifaransa. Kampani inakuja kutoka inchi nyingine, inaleta mashini za QWERTY, na maneno yote ku ecran ni ya Kiingereza, ao ya Kichina. Karani aliyekuwa anaandika rapport mu nusu saa, sasa anaiandika mu saa nzima, anatafuta alama ya é kama mutu anayetafuta sindano mu majani. Kiisha mukubwa anaandika ku evaluation yake: "mupole ku kazi". Hakuna anayeandika kwamba chombo njo kilichomufunga mikono. Na kubadilisha luga ya ecran hakuombi hata dola moja. Windows inaweza kusema Kifaransa, inaweza kusema hata Kiswahili. Telefone za Android vilevile. Ni ruhusa tu inayokosekana, ju mu makampani mengi ile sehemu ya kubadilisha imefungwa kwa ufunguo.

Chukua mutu wa miaka 55, macho yamechoka kwa mavumbi na kwa miaka mingi ya poste ya usiku. Anaomba maandishi makubwa, ao ecran kubwa zaidi. Anajibiwa kwamba aina ile haiko mu liste. Chukua mashini ya kupima alama za vidole ku mulango: soudeur na mwenye kubeba mawe, vidole vyao vimechubuka, mashini inawakataa. Mutu amefika saa 5:40 asubuhi, lakini mu kompyuta anaonekana amefika saa 6:10. Nani atamurudishia ile nusu saa?

Lakini kunguni mukubwa kuliko wote ni ule wa bulletin. Mu makampani mengine, ile nafasi ya intaneti ambamo mishahara inawekwa inafunguka vizuri paka mu kompyuta za kampani, ndani ya biro. Mutu wa kariere hana kompyuta ya biro. Ana telefone ya Android, tena ya bei ndogo, na mu ile telefone ukurasa unakataa kufunguka, ao unafunguka nusu. Basi anafanya nini? Anaenda siku yake ya kupumzika, analipa transport, anangoja ku mulango wa biro, anamuomba karani amufungulie. Karani anamuuliza: "Leta mot de passe yako." Anamupa.

Tuangalie vizuri kile kilichopita pale. Sheria iliyowekwa kusudi ya usalama imemulazimisha mutu kutoa siri yake kwa mutu mwingine. Leo karani anajua mushahara wake, deni zake, namba ya banque yake. Kesho watu makumi watakuwa wamefanya vile, na mot de passe zote zitakuwa mu kikaratasi kimoja chini ya klavye. Vilevile kwa wale wa biro: programu ya kampani ikiwa nzito ao ngumu, watu wanatuma rapport kwa WhatsApp yao, wanabeba mafaili mu kifunguo cha USB mpaka ku nyumba. Hawafanyi vile kwa ubaya. Wanataka kazi iishe. Ukimunyima mutu mulango muzuri, atapita mu dirisha, na mwizi naye atapita mule mule.

Na tusisahau sheria. Code ya kazi ya inchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamuomba patron amupe mufanyakazi hesabu ya mushahara wake kwa maandishi. Kumupa mutu ni kumupa. Kumuambia "iko mu système, tafuta" si kumupa, kama chombo cha kufungua ile système hana.

Moto uliochoma wengine

Watu wa makao makuu watasema: aina moja ya kompyuta njo inalinda kampani. Tuangalie kama ni kweli. Habari tatu za inchi za mbali zinatosha.

Ya kwanza ni ya Maersk, kampani kubwa ya meli ya Denmark. Tarehe 27 Juni 2017, virusi iliyoitwa NotPetya iliingia mu kompyuta zake. Ilianzia mu Ukraine, mu programu ya hesabu za kodi, na ilikuwa inaruka kutoka Windows moja kwenda Windows nyingine mu dakika chache. Kwa sababu nyumba yote ya Maersk ilikuwa imejengwa kwa matofali ya aina moja, moto ulipita mu vyumba vyote. Mwenyekiti wa kampani, Jim Hagemann Snabe, alieleza ku Davos mu Januari 2018 kwamba walilazimishwa kutengeneza upya kompyuta 45.000 na serveur 4.000 mu siku kumi. Hasara, kampani yenyewe ilisema, ni kati ya dola milioni 250 na milioni 300.

Na waliokolewa na nini? Sikieni vizuri, ninyi mnaoijua délestage ya SNEL. Zile serveur kubwa zinazochunga majina na funguo za watu wote, karibu 150 mu dunia nzima, zilifutwa zote, isipokuwa moja. Ilikuwa mu Ghana. Umeme ulikuwa umekatika mbele ya virusi kufika, basi serveur ya Ghana ilikuwa imezimika, imekatwa na wenzake. Intaneti ya pale ilikuwa ndogo kwa kutuma vitu vyote vile mpaka Uingereza, na watu wa biro ya Ghana hawakuwa na visa ya Uingereza. Mumoja alipanda ndege mpaka Nigeria, akamupa mwenzake ule mukebe mudogo ku uwanja wa ndege, na mwenzake akaupeleka. Kampani yenye meli mamia iliokolewa na délestage ya Afrika. Tunacheka, lakini somo ni kali: kilichookoa ni kitu kimoja ambacho siku ile hakikufanana na vingine.

Ya pili ni ya watu wa kazi kama yetu, watu wa chuma. Norsk Hydro, kampani ya aluminium ya Norvège, yenye wafanyakazi 35.000 hivi, ilishambuliwa tarehe 19 Machi 2019. Wezi walifunga mafaili na kuomba franga. Kampani ilikataa kulipa. Ku milango ya makao makuu, mu Oslo, walibandika karatasi kuwaambia watu wasiunganishe kompyuta yoyote. Usine nyingine ziliendelea kwa mikono na kwa karatasi, na wale wanaoijua kazi ya zamani njo walioonekana wakubwa siku zile. Na watu walizungumza namna gani? Kwa telefone na tablette, kwani barua-pepe ilikuwa mahali pengine, haikuwa mu zile kompyuta zilizofungwa. Chombo cha aina nyingine, kile ambacho wengi wanakihesabu kama cha kuchezea, njo kilichobaki kimesimama.

Ya tatu haikuwa ya mwizi hata kidogo. Tarehe 19 Julai 2024, kampani ya usalama inayoitwa CrowdStrike ilituma marekebisho yenye kosa mu programu yake ya kulinda kompyuta. Microsoft ilihesabu Windows milioni 8,5 zilizoanguka. Ndege zilibaki chini, hospitali na banque zikasimama, na mafundi walilazimika kupita mashini kwa mashini, mukono kwa mukono. Mac na Linux, siku ile, hazikuguswa. Siku nyingine inaweza kuwa zamu yao. Hakuna mashini takatifu. Lakini kama mu biro kumi mbili zinatumia aina nyingine, siku ya msiba zile mbili zinaweza kulipa mishahara na kupokea simu ya accident.

Mama anayelima anayajua haya bila kufundishwa na fundi. Ukipanda muhogo wa aina moja mu shamba lote, siku ugonjwa wa majani unaingia, hubaki hata na kisamvu.

Wale waliojaribu

Watu watatuambia: maneno ni mazuri, lakini nani amekwisha kufanya vile? Wako.

IBM, kampani ambayo yenyewe iliwahi kutengeneza kompyuta za biro za mufano wa dunia nzima, ilianza mu 2015 kuwaacha wafanyakazi wake wachague kati ya PC na Mac. Mu 2016 mukubwa wa kazi ile, Fletcher Previn, alisema kwamba kila Mac iliwaletea akiba kati ya dola 273 na 543 mu miaka mine, ukilinganisha na PC, ju waliochagua walikuwa wanaita fundi mara chache zaidi. Tuseme pia kwamba IBM na Apple walikuwa na mapatano ya biashara tangu 2014, kwa hiyo tuisome ile hesabu kwa jicho wazi. Lakini sababu inaeleweka: mutu aliyechagua chombo chake anajifunza kukitumia, aliyetupiwa chombo anangoja fundi.

Gendarmerie ya Ufaransa ilipita njia nyingine, nayo inatufundisha zaidi. Haikuanza kwa kubadilisha mashini. Mu 2005 ilianza na programu ya kuandika na kuhesabu, OpenOffice. Mu 2006 ikachukua Firefox kwa kufungua intaneti. Zile mbili zinafanya kazi mu Windows na pia mu Linux. Watu walipokwisha kuzizoea, tangu 2008 wakaanza kuondoa Windows polepole na kutia Linux yao waliyoiita GendBuntu. Kufika katikati ya 2014, kompyuta zaidi ya 60.000 zilikuwa zimebadilika. Gendarme hakuulizwa mumoja mumoja, ni kweli. Jeshi ni jeshi. Lakini angalia mupango wao: walifungua mbele mafaili na kurasa, kusudi zisomwe mu mashini yoyote. Mashini ilikuja nyuma. Mutu ambaye mafaili yake yanasomeka popote, siku anataka kubadilisha chombo, anabadilisha. Mutu ambaye mafaili yake yamefungwa mu programu moja, ni mufungwa.

Na tuweke ku meza hata mufano unaotupinga. Muji wa Munich, mu Ujerumani, uliamua mu 2003 kuacha Windows na kwenda mu Linux, mupango ulioitwa LiMux. Kufika 2013, kompyuta karibu 15.000 zilikuwa zimehama. Kiisha mu Februari 2017 baraza la muji likapiga kura ya kurudia Windows. Siasa iliingia mule, na wafanyakazi wengine walinungunika kwamba mafaili yanayotoka inje hayafunguki vizuri. Kwetu sisi somo ni hili: kulazimisha Linux kutoka juu hakupiti kulazimisha Windows kutoka juu. Ubaya hauko mu jina la mashini. Uko mu kutokuuliza.

Kuchagua si kujinunulia

Hapa tunataka kuwaonya wandugu wetu, kwani kuko patron mwerevu ambaye atasoma ukurasa huu na kusema: "Muzuri! Munataka kuchagua? Basi kila mutu alete yake."

Hapana. Kuchagua si kujinunulia. Chombo cha kazi kinatoka kwa mwenye kazi, kama kofia na lampe zinavyotoka kwake. Wazee wetu waliposema "kampani njo baba, njo mama", walikuwa na posho, nyumba na masomo ya watoto machoni. Yale mengi yamepita. Tusikubali sasa hata kompyuta na mégas za intaneti zitoke mu mufuko wa mufanyakazi. Yule anayeombwa kupokea maagizo ya kazi mu telefone yake mwenyewe, usiku, siku ya mungu, kwa mégas alizojinunulia, hajapewa uhuru. Ameongezewa muzigo.

Tena telefone ya mutu ina picha za familia yake, habari za ugonjwa wake, mazungumzo yake na delege wake. Kampani ikitia mule programu yake ya kuchunga, nani anajua jicho lile linafika wapi? Inchi yetu ina Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, na habari za binafsi za mutu zinalindwa mule. Mutu asitie sahihi ku karatasi ya namna ile mbele delege hajaisoma.

Kile tunachoomba

Hatuombi mwezi. Tunaomba vitu vitano, na vingi vyao havina bei kubwa.

Cha kwanza: mbele kampani hainunui kompyuta mpya, wale watakaozitumia wazijaribu juma moja ao mawili. Si wakubwa peke yao: karani wa pointage, muuguzi, mutu wa dépôt, fundi wa mécanique. Waandike kile kinachowaumiza. Ile karatasi ifike kwa anayenunua, na delege abaki na copie.

Cha pili: kwa kazi za biro za kawaida, liste iwe na zaidi ya aina moja. Mbili zinatosha. Mwenye kutaka ecran kubwa, klavye ya AZERTY ao luga anayoielewa, apewe bila kubembeleza.

Cha tatu: kila kitu ambacho ni haki ya mufanyakazi, yaani bulletin, masaa, congé na matokeo ya muganga, kifunguke mu telefone ndogo ya Android, kwa intaneti dhaifu, mahali popote. Na yule asiye na telefone, ao asiyejua kusoma ku ecran, apewe karatasi yake, bila maneno.

Cha ine: mikanda ya kampani iandikwe kwa namna inayosomeka mu mashini mbalimbali. Rapport ya accident ya mwaka huu iwe inasomeka kisha miaka makumi mbili, hata kama programu ya leo imekufa. Mutu anayeugua mapafu miaka kumi kisha kuacha kazi atahitaji ile karatasi.

Cha tano: kampani iwe na njia ya pili kwa siku ya msiba. Liste ya watu walio chini ya udongo isikae mu kompyuta za aina moja peke yake. Iwe na kopi mu chombo cha aina nyingine, na iwe na kopi ku karatasi, ku mulango wa shimo, kila poste. Kama Hydro na franga zake zote ilirudia karatasi, sisi ni nani kuidharau?

Kuko na jambo lingine ambalo wakati wake umefika. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kuitengeneza bure Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi kuingia Windows 11. Kampani iliyonunua mashini zote za aina moja mu mwaka mumoja inajikuta inazizeekesha zote mu siku moja. Zitatupwa? Mashini ambayo haiwezi tena Windows mpya, mara nyingi inaweza bado Linux kwa miaka. Mbele ya kuzipeleka ku takataka, wakubwa wawaulize wafanyakazi na walimu wa masomo ya mu camp. Watoto wetu wanajifunza informatique ku ubao, kwa chaki, wanachora klavye mu cahier.

Tunawaomba madelege wa sendika mu Kolwezi, mu Likasi, mu Fungurume, mu Kipushi, mu Lubumbashi: mu mukutano unaokuja na direction, muulize maswali matatu. Nani alichagua kompyuta hizi? Nani wa kwetu aliulizwa? Na siku zitaanguka zote, mutajua namna gani ni nani aliye chini na ni nani amekwisha kutoka? Majibu yaandikwe mu procès-verbal. La tatu likikosa jibu, lisingoje mukutano mwingine: lipelekwe siku ile ile mu komite ya usalama.